Kiapo cha Mjomba na Mashine ya Drafti

Kila ninapohamia mji mgeni, na nimehama sana, huanza kwa kutafuta mahali watu wanapocheza drafti. Nimepatafuta Tanga, nimepatafuta Mtwara, nimepatafuta hata Maskati, ambako Waswahili wenzangu huicheza ndani kwa ajili ya joto. Nikishapata pa kukaa, haipiti wiki kabla sijasimulia habari ya mjomba wangu na mashine. Nikisimulia husimama, mikono hainitulii, na watu hunicheka. Wengine hawaniamini. Basi nimeona niiandike.

Haya yalitokea kwetu Timbwani, kule Likoni, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nafanya kibarua cha zamu ya asubuhi katika kiwanda kimoja Changamwe. Nikitoka huko narudi kisiwani, navuka feri, na kabla ya Alasiri niko nyumbani nimeshakoga. Saa hizo za jioni zilikuwa zangu, nami nilizipeleka zote kwenye baraza ya saruji iliyokuwa mbele ya nyumba yetu, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa akicheza Mjomba.

Mjomba alikuwa kaka yake mama. Miaka yote alikuwa dobi katika hoteli moja ya Shelly Beach, akifua mashuka ya wageni. Alipoacha kazi, na muda si mrefu mkewe akafariki, mama alimchukua akampa chumba cha uani. Miezi ile ya kwanza hakuwa akitoka. Ukimpelekea chai unaikuta baadaye imepoa vilevile. Kilichomtoa chumbani ni drafti. Siku moja alisikia kelele za barazani, akaja kuchungulia, akaambiwa akae, akakaa, akamfunga kila aliyekuwepo. Tangu hapo mchana wake wote ukawa ni ubao ule. Alianza kula, akaanza kunyoa ndevu, akaanza kugombana na mama kuhusu chumvi. Mama alifurahi sana kugombezwa.

Sharti nieleze mchezo ulivyokuwa kwetu, maana bila hivyo hadithi haieleweki. Ubao tuliuchora wenyewe kwenye kipande cha mbao, na kete zilikuwa vizibo vya soda, upande mmoja vimelala chali, upande wa pili vimelala kifudifudi. Lakini hizo ni nusu ya drafti. Nusu ya pili ilikuwa mdomo. Mtu hakai akacheza kimya kama yuko kwenye mtihani. Unamwambia mwenzako kete yake ile imefiwa na wazazi. Unamwuliza kama amekuja kucheza au kusalimia. Unampa pole kabla hujamla. Mtu akishapandwa na hasira haoni tena ubao, na hapo ndipo unapomfungia mlango. Mjomba hakuwa na mpinzani katika hili. Alikuwa na sauti ya upole, ya kudobi nguo laini, na kwa sauti hiyohiyo angeweza kukuambia neno ukashindwa kulala.

Aliyemkaribia kidogo alikuwa fundi wa magari, mtu wa bara aliyehamia Likoni na karakana yake. Huyo alikasirika upesi kuliko wote, kwa hiyo Mjomba alimpenda kuliko wote. Fundi angeweza kuacha gari la mteja limefunguliwa boneti akaja kufungwa mara moja, akarudi akinung'unika, kisha akaja tena.

Basi ndipo aliporudi baharia. Alikuwa jirani yetu, mtu wa makamo, anayefanya kazi melini, na kila akirudi huja na kitu cha kuwatoa watu macho. Safari ile alikuja na kisanduku cheusi chenye ubao wa drafti juu yake na taa ndogo nyekundu pembeni. Akakiweka barazani, akakiwasha, kikalia kama kifaranga.

"Hii inacheza drafti," akasema. "Yenyewe."

Dakika ile naikumbuka mpaka leo. Wengi wetu tulikuwa hatujaona kompyuta kwa macho. Tuliisikia kwenye redio, tuliambiwa ziko benki na uwanja wa ndege kule Port Reitz. Na sasa moja ilikuwa imekaa kwenye baraza yetu, kati ya birika la kahawa na kandambili za watu, ikitungoja tuanze.

Kijitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza, nami ndiye niliyepewa nikisome. Mashine ilikuwa na madaraja, kutoka la chini la kujifunzia hadi la juu kabisa. Ukitaka kucheza, unabonyeza mraba unaotoka na mraba unaokwenda, na yenyewe inakujibu kwa taa. Mjomba aliitazama akasema yeye hachezi juu ya sanduku la mtu. Kikitaka kucheza naye, kije kwenye ubao wake. Kwa hiyo tukakubaliana kwamba mimi nitakuwa mkono wa mashine. Mjomba akisogeza kizibo chake, mimi nabonyeza. Taa zikiwaka, mimi nasogeza kizibo cha mashine. Nilikaa pale mbele ya watu wote, kisanduku mapajani, nikajiona mtu mkubwa.

Mchezo wa kwanza baharia aliuweka daraja la chini. Mjomba aliimaliza kabla kahawa haijapoa. Alikuwa akiiuliza mashine kama ina mama, kama imekula, kama huko Ulaya walimaliza wacheza drafti wote wakaanza kutengeneza wa bati. Watu walicheka hadi wakaegemea ukuta. Ndipo baharia, kwa kucheka vilevile, akamwambia kwamba hilo lilikuwa darasa la kwanza, na kwamba la juu asingeliweza.

Mjomba alikuwa amelewa sifa. Akainua kidole.

"Wallahi, kidude hiki kikinifunga mimi, sigusi tena drafti maisha yangu."

Aliyekuwa akimimina kahawa akaweka birika chini. Mwenye kuijua Likoni atafahamu. Mtu huweza kusema maneno mengi ya mzaha, lakini akishataja wallahi mbele ya watu, maneno hayo yameshatoka kwenye mzaha. Nilimwona mama dirishani, ameshika pazia. Yeye alijua kilichowekwa pale juu ya ubao.

Baharia akabonyeza daraja la juu, nasi tukaanza.

Jambo la kwanza tulilogundua ni kwamba sasa ilikuwa ikifikiri. Hapo mwanzo ilijibu papo hapo. Sasa Mjomba akicheza, kile kitaa chake kinaanza kumetameta, kinameta, kinameta, na sisi tunangoja. Mtu anavuta sigara nzima. Mara moja iliadhiniwa Alasiri ikiwa katikati ya fikra zake, tukaenda kusali, tukarudi, bado inafikiri. Fundi, ambaye si Mwislamu na alikuwa amebaki kuilinda, alituapia kwamba haikusogea wala haikujikuna.

Mjomba akaanza kazi yake ya mdomo. Aliisema kwa upole, akaisema kwa ukali, akaipa pole, akaisifu, akaitukania aliyeitengeneza. Taa ikameta tu. Akanigeukia mimi niliyekuwa mkono wa mashine, akaniambia kwamba tangu nilipozaliwa alimwambia mama huyu mtoto atakuja kuuza ukoo. Mimi nilikasirika kabisa. Uso ulinichoma, nikasahau kwamba si mimi ninayecheza, na lau ningekuwa mimi ningekosea hapohapo. Lakini taa ikawaka mahali pake, nami nikasogeza kizibo mahali palipotakiwa, hasira zangu na yote. Nadhani hapo ndipo Mjomba alipoanza kuogopa.

Kisha mashine ikaanza kufifia. Taa iliyokuwa nyekundu ikawa kama kaa la sigara linalozimika. Baharia akasema ni betri zimekwisha, na za akiba hana, na ikizimika itasahau mchezo wote. Watu waliruka kwa furaha. Fundi akamwambia Mjomba asimame, mchezo umekwisha, mwenzake ameshindwa kuendelea, kiapo kimepita salama. Na kweli ingetosha. Hakuna ambaye angemlaumu.

Mjomba alitazama ubao. Wakati ule kete zilikuwa sawa kwa sawa. Akaniambia niende chumbani kwake nikamletee redio yake. Ile redio ndiyo iliyokuwa ikimsomea habari kila siku, hakuruhusu mtu kuigusa. Akaifungua kwa mikono yake, akatoa betri, akampa baharia.

"Mpe ale," akasema. "Mimi sifungi mtu mwenye njaa."

Baharia alizibadilisha upesi, moja baada ya nyingine, maana mashine ikikaa bila betri zaidi ya sekunde chache ingesahau mchezo. Taa ikarudi, nyekundu kabisa. Nikakirudisha kisanduku mapajani.

Hatua chache baadaye mashine ikaniambia niweke kizibo mahali pa kuliwa. Nilidhani nimesoma taa vibaya. Nikaangalia tena. Ni hapo hapo. Nikaweka, watu wakapiga kelele, na kwa kuwa kwetu ukipewa sharti ule, Mjomba akala. Ikatoa kizibo cha pili. Akala. Hapo baraza nzima ilikuwa imesimama. Mtu mmoja alipanda juu ya kiti cha muuza kahawa. Halafu taa zikawaka tatu mfululizo, nami nikaona njia yote iliyofunguka, nikaruka na kizibo kimoja juu ya kete za Mjomba, tatu kwa mkupuo, hadi mwisho wa ubao, nikaingia kingi, kete ya kifalme. Nilipiga kelele mwenyewe. Sikuweza kujizuia. Ulikuwa ni uzuri wa ajabu, na ulikuwa umetoka mkononi mwangu, na sikuwa nimeujua hata sekunde moja kabla.

Mjomba alicheza mpaka kizibo cha mwisho. Alipofungwa, mashine ikalia kile kilio chake cha kifaranga. Akavikusanya vizibo vyote kwenye mfuko wake, akausimamisha ubao ukutani, akasema, "Nimefungwa." Akaingia ndani.

Hakutoka siku ya pili, wala iliyofuata. Redio yake ilikuwa kimya kwa kuwa haina betri, na chai ikaanza tena kupoa mlangoni. Mama alivumilia kidogo, halafu akanishika mkono jikoni. Aliniambia kwamba alimzika wifi yake, na karibu amzike na kaka yake, na Mungu akamrudishia. Sasa mimi na hicho kidude chetu tumemwondoa tena barazani, tujue tutakavyomrudisha.

Hapo ndipo tulipoanza kubishana, na mabishano yale sijayapata tena popote nilipotembea. Watu ambao mazungumzo yao yalikuwa mpira na bei ya samaki walianza kuulizana akili ni kitu gani. Haja yetu ilikuwa moja: tukiweza kuonyesha kwamba mashine haina akili, basi hakuna aliyemfunga Mjomba, na kiapo hakikumshika.

Fundi ndiye aliyekuwa na hamu kuliko wote, kwa sababu hakuwa na wa kumkasirisha. Alisema trekta linalima shamba kuliko watu mia, na hakuna anayesema trekta ni mkulima hodari. Baharia alisema hapana, mle ndani wamekaa watu, si kwa miili yao ila kwa maarifa yao. Wale walioitengeneza walitia ujuzi wao wote, kwa hiyo Mjomba alicheza peke yake na kundi zima. Mwingine akasema mtoto mchanga hajui kuhesabu hata moja lakini anamjua mamake, na ile haijui hata kama inacheza. Mimi nilikuwa nimekisoma kijitabu chote. Nikasema kinaeleza kwamba mashine huangalia kila njia inayowezekana mbele yake, kisha huchagua iliyo bora. Nikawauliza kama Mjomba anafanya jambo jingine lolote tofauti na hilo. Wakanitukana, wakaanza upya. Jua lilituchwea hapo, tukahamia chini ya taa ya duka. Sijui kama niliwahi kuwa na furaha kama ile. Nilihisi kichwa changu kina milango ambayo nilikuwa sijaifungua.

Mwisho tukaafikiana kwamba haina akili, tukaenda uani kumpelekea Mjomba habari njema. Fundi ndiye aliyesema. Alieleza trekta lake vizuri sana.

Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, ameketi kitandani.

"Kwa hiyo mimi," akasema, "nimefungwa na kitu kisicho na akili?"

Hatukuwa tumefikiria hilo.

"Mnataka kunisaidia, Mungu awalipe. Lakini angalieni. Nikisema kile kina akili, kimenifunga, na kiapo kimenishika. Nikisema hakina, niko huru, ila mimi ni mpumbavu niliyeshindwa na jiwe. Nendeni mkacheze."

Tulitoka kama tuliomwagiwa maji. Mama, aliyekuwa akisikiliza, akajitupia kanga akasema basi aitwe mwalimu.

Mwalimu alikuwa akifundisha madrasa ya jirani. Hakuwa mtu mzima sana. Alikuja na baiskeli, jasho linamtoka, na naye alikuwa mcheza drafti, tena mbovu. Mjomba alikuwa amemfunga mara zisizo na idadi na kumuuliza kila mara kama hesabu pia anafundisha. Alipokaa tu akatuambia kwamba angetaka raha yake angesema kiapo kinasimama milele. Mjomba akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile.

Tukamweleza yote, trekta na mtoto mchanga na watu waliokaa ndani. Mwalimu akasema ni maneno mazuri na hana la kuyaongeza, kwa sababu kama kitu kile kina akili au hakina, hilo yeye halijui, na wala hakuulizwa. Kiapo kinaangaliwa kwa nia ya aliyeapa. Akamgeukia Mjomba.

"Nambie, Sheikh wangu. Ulipoapa, na ulipokuwa ukicheza, moyoni mwako ulikuwa ukicheza na kitu au ukicheza na mtu?"

Kila mmoja wetu alimtazama Mjomba. Jibu moja lingemrudisha barazani jioni hiyohiyo. Nilimwona fundi akilitamka kwa midomo, bila sauti: kitu, kitu.

Mjomba alimtazama mwalimu usoni.

"Na mtu," akasema. "Kitu singekipa betri za redio yangu."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Akasema basi umefungwa kwa haki, na kiapo kimekushika, na kwa kuwa umeapa kuacha jambo la halali ambalo lina faida kwako, unaweza kukivunja ukatoa kafara: ulishe maskini kumi chakula cha wastani unachowalisha watu wako. Alisema hivyo kama mtu anayetaja njia ya sokoni. Na mimi nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Mjomba hakupokea ile kafara kama adhabu. Mgongo wake ulinyooka. Aliuliza mchele uwe wa namna gani.

Kuwapata maskini kumi kulikuwa kazi kuliko mashine. Timbwani hakuna mtu atakayekubali kuitwa maskini mbele ya jirani yake. Mjomba alipiga hodi kwa mzee mmoja ambaye paa lake lilikuwa matundu matupu, akafukuzwa kwa maneno makali. Ikabidi twende naye kwenye mteremko wa feri, tukawaalika wale waliokuwa wakikaa pale kuomba, tukawapandisha kilima pole pole, mmoja kwa gongo, wawili wakiongozwa mikono. Mama alikuwa amepika wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Mikeka ilitandikwa barazani penyewe, na Mjomba aliwanawisha mikono mmoja mmoja.

Walipokwisha kula, bibi mmoja katika wale wageni akataka kujua ni kiapo gani hicho kilichowapatia wali. Mjomba akamhadithia, hakuficha kitu, hata betri. Bibi alisikiliza kwa makini, akisafisha meno kwa kijiti.

"Na ilifurahi?" akauliza. "Iliposhinda, ilifurahi?"

Mjomba akanitazama mimi, niliyekuwa mkono wa mashine. Nikasema sidhani, Bibi. Ililia tu kile kilio chake, na nilipoizima na kuiwasha tena, haikukumbuka kama iliwahi kucheza na mtu.

"Masikini," bibi akasema. "Yote yale, bure."

Mjomba alianza kucheka. Alicheka kwa tumbo, akajifuta macho kwa ncha ya kikoi, akacheka tena, na sisi tukacheka naye bila kujua vizuri tunacheka nini, na mama akatoka mlangoni na upawa mkononi kuangalia kuna nini. Kisha Mjomba akaingiza mkono mfukoni, akavimwaga vizibo kwenye mkeka, akaulaza ubao, akaanza kuvipanga, chali huku, kifudifudi kule. Baharia akauliza kama ailete mashine. Mjomba akamkatalia kwa mkono bila kuinua uso. Aliyekuwa akimtaka ni fundi, ambaye alikuwa amesimama kando na sahani yake ya wali.

"Njoo, yakhe," akamwita, kwa ile sauti yake ya kudobi nguo laini. "Nataka mtu wa kukasirika."

Fundi alikuwa ameshakaa.